Chumvi ya Ukutani

Mume wangu Okoth alimvunja jirani mkono kwa sababu ya ukuta. Nilikuwepo, na hasira zangu hazijapoa hadi leo.

Ukuta wa chumba chetu hapa mtaa wa Namatala ulikuwa umelowa hadi kiunoni. Lipu ilibambuka, na chini yake ukatokeza unga mweupe. Okoth akaulamba: chumvi. Mama yake alimlea akiamini kwamba chumvi usiyoimwaga mwenyewe imemwagwa na mchawi. Mimi mtoto wa Jinja nilimcheka, akanisukuma akatoka. Ng'ambo ya kichochoro anaishi Nabalayo, mjane muuza ndizi; Okoth akamwendea moja kwa moja.

"Wewe mama, chumvi umetupa kwa nyumba yangu ya nini?"

"Chumvi gani? Mimi hata ya mboga sina."

Alimtandika ngumi ya mdomo. Nabalayo alipoanguka, Okoth alinyakua mchi wa kinu akaushusha. Mfupa ulialika nikausikia. Nikamlalia Nabalayo, na pigo la pili likanipata mgongoni. Majirani ndio waliomnyang'anya ule mchi.

Kesho yake nilimleta Matia, fundi mwashi kutoka Nakaloke. Hakujali chumvi, alipita kichochoroni akaonyesha tuta la udongo lililoegemea ukuta wetu.

"Bwana, udongo hii nani aliweka?"

"Mimi," Okoth akasema. "Ya kuzuia mafuriko."

"Imepita juu ya nailoni ya msingi, ile inazuia maji isipande. Maji inaingia kwa tofali, inasukuma chumvi ya tofali nje. Toa udongo, bandua lipu yote, acha ukuta ikauke."

Okoth alilichimba tuta lile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza mjane wa watu.

Matia alikuwa akigonga lipu Nabalayo alipoingia, mkono umefungwa kwa leso.

"Matia, nipe nyundo." Akamgeukia mume wangu. "Weka mkono hapo."

Okoth alinitazama mimi. Nilimpenda mtu yule, na bado nampenda, lakini mgongo wangu ulikuwa ukiniuma. Nikanyamaza. Akauweka mkono wake juu ya ukuta mbichi.

Nabalayo alipiga mara moja tu. Okoth akapiga magoti, na mama yule akamrudishia Matia nyundo yake ili kazi iendelee.