Dada Aliyebaki Kambu

Ndugu wa nne naye alikataliwa. Daktari Ndululu aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akafuta macho kwa kiganja, akachungulia tena ingawa jibu alilijua. Chembe za damu ya Mulei zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu ndani ya majimaji ya damu ya dada yake, Syombua. Damu ile ingemwua.

Syombua alilala chumba cha pili cha hospitali ndogo ya misheni karibu na Zombe, mimba ya miezi minane, akivuja damu tangu wiki iliyopita. Asipopasuliwa angekufa, na bila damu ya kumwongezea hakuna aliyethubutu kumpasua. Uzazi wa kwanza aliongezewa damu, mwili wake ukaichukulia kuwa adui, na sasa ulipigana na kila damu waliyomjaribia. Majibu ya Nairobi yalikuwa mafupi: aina yake ni adimu, tafuteni kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Miaka minane Ndululu alizunguka Kitui na Makueni na sindano zake na sanduku la barafu, akichunguza jambo hilo hilo, kwa nini miili ya akina mama wengine hukataa damu ya msaada. Alichora koo za watu kwenye daftari kubwa, nani kazaa nani. Mwaka huu wa 1978 alikuwa amechoka, wala si ule uchovu wa kulala ukaisha. Alichoka hata kusikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Kwenu mko wangapi?"

Kwa kina Syombua walikuwa watano. Ndivyo alivyosema mama yao Kalunde, bibi mwembamba aliyekuwa hapo kwenye benchi tangu Jumapili. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mwaitu," Ndululu akamwambia, kama Mkamba anavyomwita mama mtu mzima, "sina mwingine wa kupima."

Kalunde akasogea kumpisha kwenye benchi. "Kuna jambo hukuniuliza."

"Lipi?"

"Nani aliwazaa."

Ndululu akakaa chini. Jamani, yeye daktari, mtu mzima wa Kibwezi, Mkamba baba na mama, na shahada zake mbili, hakuuliza hilo! Kalunde hakujaliwa uzazi. Kama desturi ya Wakamba inavyomruhusu mwanamke asiyezaa, alioa wake wawili wamzalie nyumba yake, na watoto wote wakawa wake. Ndululu aliambiwa hayo siku ya kwanza. Lakini kumwuliza bibi kama huyo mtoto gani ni wa tumbo gani, tena wa mwanamume gani, ni kumvua nguo mbele za watu. Husemwa kuuliza si ujinga, ila yeye alizuiwa na adabu. Akachora mstari mmoja kutoka kwa Kalunde hadi kwa watoto watano, akaridhika.

"Wanne ni wa mke mdogo," Kalunde akasema, macho kwenye miguu yake. "Syombua peke yake ni wa marehemu Kavata. Kavata alikuja kwangu tayari ana mimba yake. Na huko kwao Kambu alikuwa ameacha msichana, wa baba huyo huyo. Akabaki mtoto wa babu yake. Sisi hatumhesabu."

"Anaitwa nani?"

"Mbinya. Ulimwona. Yule wa Jumatatu."

Jumatatu mwanamke mmoja alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini, akasema kanisani kwao wametangaziwa, amekuja kumtolea Syombua damu. "Wewe ni nani wake?" Ndululu alimwuliza. Mwanamke akamtazama Kalunde. Kalunde akatazama ukuta. "Namfahamu tu," mwanamke akasema. Na Ndululu, kwa uchovu, akamwambia arudi nyumbani, hapa wanatafuta ndugu. Hakumtoa hata tone, yeye aliyezoea kudunga hata wapita njia. Siku hiyo mtoto wa Syombua alikuwa bado anacheza tumboni.

Aliwasha Landrova saa ile ile. Kutoka Zombe hadi Kambu ni vumbi na makorongo, na njia nzima alitunga maneno ya kuomba msamaha. Alimkuta Mbinya kando ya barabara ya Mombasa akipanga chupa za asali. Maneno yote yakampotea.

"Nimekuja kukuchukua," akasema.

Mbinya alimwachia jirani asali yake, akapanda. "Bado yuko hai?"

"Nilimwacha hai."

Siku ya pili, chini ya hadubini, chembe za Mbinya zilitulia, kila moja peke yake, bila kushikana. Ndululu akalia, wala hakuona haya. Syombua alipasuliwa mchana huo akapona. Mtoto, msichana, alitolewa amekufa. Mkunga aliyemwosha alisema alikufa jana, pengine juzi. Ndululu alihesabu siku kwa vidole, na hakuna aliyemwambia ahesabu.

Jioni alifungua daftari. Mbinya alikuwa kwenye benchi, pamba mkononi, akinywa chai ya sukari nyingi.

"Nikuandike wewe ni nani wake?"

Mbinya akamtazama Kalunde, kama Jumatatu. Safari hii bibi hakutazama ukuta.

"Mwandike dada," Kalunde akasema. "Na yule mdogo mwandike pia, asizikwe bila jina. Anaitwa Kavata."

Ndululu akachora mistari miwili, polepole, mmoja wa dada, mmoja wa mtoto.