Anande, Lete Maji

Mwaka ambao watu wa Poli waling'oa mibuni wakapanda nyanya, Elinami na wenzake wawili walipanda mlimani na mashine ya kurekodi. Bendi yao iliitwa Mashina, na hakuna harusi iliyowahi kuwaalika mara mbili. Walifanyia mazoezi kwenye gereji moja mjini, mtaa wa Sakina, wakigonga rimu za magari na kulegeza nyuzi za gitaa mpaka zikanguruma kama tumbo lenye njaa. Sasa walitaka kutoa albamu nzima juu ya maisha ya mbuni mmoja: upande wa kwanza kuota mpaka kuvunwa, upande wa pili kuzeeka mpaka kukatwa.

"Na kuimba mtaimba lini?" Bibi Anande alimuuliza mjukuu wake.

"Hatuimbi, Bibi. Mbuni ndio unaimba."

"Haya. Kuleni ndizi kwanza, mbuni wenyewe hauna haraka."

Alicheka, lakini mumewe, Mzee Sifael, hakucheka. Aliwazungushia mashine ya kumenya kahawa asubuhi nzima, kifua kikimbana, ili waipate sauti yake. Kisha akashika shoka mwenyewe, akaukata mbuni alioupanda mwaka waliooana. Kwenye mkanda lilisikika shoka, ukimya mrefu, pumzi zake, halafu: "Anande, lete maji."

Elinami alitaka kuyafuta maneno hayo. Baadaye akayaacha yawe mwisho wa albamu.

Mzee Sifael alifariki kabla ya masika. Redio iliikataa albamu ("Kijana, huu ni muziki au hitilafu?"), studio ikaufuta mkanda mkubwa wa albamu ili irekodi wengine, na Mashina wakatawanyika. Ikabaki kaseti moja, aliyoachiwa Bibi. Ilikuwa kaseti kuukuu ya kwaya. Elinami alikuwa ameziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi, kama kila mtu alivyofanya, ili irekodike tena. Picha ya kwaya hakuibandua.

Bibi aliisikiliza kila Jumapili baada ya ibada. Alivumilia rimu zote na ngurumo zote, akingoja mwisho. Majirani walimwita Bibi, kanisani walimwita Mama Thomasi. Wa kumwita Anande hakubaki mtu, ilibaki kaseti.

Ilipoanza kukwaruza, akaogopa. Akaiteremsha mjini, Sokon I, kwa Ludovick, aliyekuwa na duka la kurekodi kaseti.

"Shikamoo, Bibi. Kaa kwanza, jua kali." Akampa kiti chake na soda, yeye akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Nataka nyingine kama hii. Isije ikanifia."

"Niachie mpaka Alhamisi. Usiwe na shaka."

Alhamisi alimkabidhi kaseti mbili, amezifunga vizuri kwenye gazeti. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi.

"Bibi, yako ilikuwa imeharibika! Makelele matupu, pande zote mbili. Watoto walibonyeza ovyo wakaifuta kwaya yako. Nimeitafuta kwaya hiyo hiyo mpaka Moshi kwa rafiki yangu, nikakurudishia nyimbo zote humo humo. Na kwenye hii mpya pia."

"Humo humo?"

"Humo humo, Bibi. Sikiliza." Akasogeza mkanda mpaka mwisho. Kwaya ikaitikia amina, sauti nne, safi kabisa.

Bibi aliutazama uso wa yule kijana. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Kweli alikuwa amehangaika.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki."

Akanyanyuka kwa kushikilia meza. Ludovick akamshika mkono mpaka nje, akamvusha barabara.

Elinami alipokuja na kusikia kwaya, alikaa chini kwenye kizingiti. Mashine ya kumenya ilikwishauzwa chuma chakavu. Mbuni ulikuwa kuni, na kuni zilikuwa majivu.

"Nikamwambie yule mtu alichofanya?"

"Usithubutu. Alinipa kiti chake."

"Basi niambie wewe, Bibi. Babu aliyasemaje yale maneno? Haraka au polepole?"

Bibi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo. Sauti ya mumewe haikuwepo.

Jumapili, baada ya ibada, alifunga mlango akakaa karibu na redio bila kuiwasha. "Anande," alisema, "lete maji."

Ilitoka sauti ya bikizee. Akajaribu kuifanya nzito. Akaikohoza kidogo, akaivuta. Bado ilikuwa yake mwenyewe.

Hakujaribu tena.