Alama Chini ya Kitako

Kiganja cha Firmin kilikwenda na kurudi juu ya mbao, polepole, kwa nguvu, mpaka mafuta ya kitani yakaanza kupata joto. Hakutumia kitambaa. Kitambaa hunywa mafuta, kiganja huyasukuma ndani. Hivyo ndivyo baba yake alivyomfundisha, na hakujua namna nyingine ya kumalizia mbao. Kwa meza ya kulia au ubao wa kichwani mwa kitanda, hii ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Leo aliichukia. Kilichokuwa chini ya kiganja chake kilikuwa kitako cha bunduki, na kila alipokipapasa alijiona anambembeleza mbwa aliyekula mtu.

Mwenye bunduki alikuwa ameketi hapo hapo, juu ya kiti cha mteja mwingine, kikombe cha kahawa mkononi, akihutubia. Meneer Lourens, yaani Bwana Lourens kwa Kikaburu, alikuwa mstaafu wa reli, mwenye masharubu meupe na kaptula hata katikati ya baridi ya Juni ya Johannesburg, na hotuba yake ilikuwa moja tu. Firmin alikwisha kuisikia wiki nzima. Bunduki ya dukani, alisema mzee, ni ya kila mtu. Unaingia, unalipa, unatoka nayo sawa na unavyotoka na birika la umeme. Lakini hii ilikuja ndani ya sanduku, vipande vipande, mtutu peke yake, kifyatulio peke yake, mbao peke yake. Hii mtu anaijenga mwenyewe, anaijua kila skrubu, na akishaimaliza imekuwa sehemu ya mwili wake.

"Wewe ni fundi, unanielewa," alisema. "Kitu cha mkono si sawa na cha mashine."

Firmin alimwelewa, na hilo ndilo lililomuudhi. Maneno hayo hayo alizoea kuwaambia wateja wa viti.

Tuseme ukweli, mzee mwenyewe alikuwa amejenga kidogo sana. Alifungua sanduku sebuleni kwake, akalazimisha mtutu ukae kwenye mfereji wake, mbao ikapasuka. Ndipo akaja Turffontein, kwenye karakana ya Mreno mmoja aitwaye Gouveia, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, ambako watu huleta viti vya bibi zao na makabati yaliyoliwa na mchwa. Gouveia alikitazama kitako kilichopasuka, akamtazama fundi wake Mkongo, akasema Firmin ataweza. Firmin angeweza kukataa siku ile. Hakuna aliyemkaba koo. Lakini viti vilikuwa vimepungua, watu siku hizi wanakalia plastiki, naye akajiambia kwamba mbao ni mbao. Chuma sitakigusa, alijiambia. Utafikiri kuna mtu aliyewahi kupigwa risasi na chuma kisicho na mahali pa kushikia.

Kulikuwa na jambo ambalo Gouveia hakulijua, na ambalo Clémentine, mke wa Firmin, alilijua tangu angali tumboni mwa mama yake. Katika kijiji chao, juu ya milima ya Uvira, baba yake Firmin, mzee Gustave, ndiye aliyekuwa akitengeneza vitanda vya maharusi. Chini ya kila kitanda, mahali pasipoonekana, alichoma alama yake kwa chuma cha moto: duara dogo lenye nukta katikati. Alisema kitu kisicho na alama ni yatima. Vita vilipofika, wapiganaji walianza kumletea bunduki zilizovunjika vitako, akawa anazitengeneza. Labda aliogopa, labda naye alisema mbao ni mbao. Hakumwambia mtu. Lakini mkono uliozoea hauombi ruhusa, na kila alipomaliza kitako alikigeuza, akakichoma alama, bila hata kufikiri.

Siku moja bunduki mojawapo ilisahauliwa mlangoni kwa mjomba wake Clémentine, na mjomba mwenyewe yuko ndani, amekwisha kufa. Watu waliigeuza, wakaliona duara na nukta yake. Jioni hiyo kijiji kizima kiligeuza vitanda. Vilitolewa nje kimoja kimoja, vikarundikwa mbele ya nyumba ya Gustave, na hakuna aliyemtukana wala aliyemrushia jiwe. Walimrudishia vitanda vyake tu, wakaenda zao kulala chini. Mama yake Clémentine alikuwa mjamzito wakati huo. Clémentine alizaliwa sakafuni, juu ya mkeka.

Kwa hiyo Clémentine alipokubali kuolewa na mwana wa Gustave, ndugu zake walishangaa. Yeye alitoa sharti moja. Aliishika mikono ya Firmin mbele ya mchungaji, akasema mikono hii ni ya viti na meza. Firmin alikubali kwa moyo wote. Hata chuma cha baba yake alichorithi, chenye lile duara na nukta, alikwenda nacho hadi Johannesburg, akisema atakichomea viti miaka na miaka mpaka kisahau kilichowahi kuchoma. Clémentine alimwachia. Sasa mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na katika chumba chao cha kupanga Rosettenville, kati ya jiko na dirisha, kilisimama kitanda kidogo cha mtoto, laini kila pembe. Alama ilikuwa chini yake. Clémentine ndiye aliyesema iwekwe.

Tangu kitako kile kiingie karakanani, Firmin hakuweza tena kula kwa mkono. Alinawa kwa sabuni ya unga, akasugua kwa limau, akakwangua kucha kwa kisu, na bado alipokata tonge la ugali wa muhogo alilisikia linateleza vidoleni, lina mafuta, linanuka karakana. Akaomba uma. Mtu wa Uvira, mbele ya sombe ya majani ya muhogo na samaki ndagala, anaomba uma! Siku ya kwanza Clémentine alicheka, akamwita Mzungu wa Turffontein. Siku ya pili hakucheka. Alionja sombe aone kama chumvi imezidi. Siku zilizofuata alimwekea uma bila kuulizwa, na kuna jioni moja alimkazia macho.

"Juu ya nini unakulia forsheti? Bugali yangu inakunukia?"

"Hapana, mama. Mikono iko na dawa ya mbao."

"Dawa ya mbao iko kila siku."

Firmin aliinamia sahani yake.

Mtu pekee ambaye Firmin alimwambia habari za bunduki alikuwa shemeji yake Ruphin, kaka yake Clémentine, mlinzi kwenye geti la maduka huko Sandton. Ruphin mwenyewe huchukua bastola ya kampuni asubuhi na kuirudisha jioni, na akija kuwasalimu, dada yake humnawisha mikono mlangoni kwanza ndipo amkaribishe. Firmin alimsimulia Jumapili baada ya ibada, akitumaini ataambiwa ni jambo dogo. Ruphin alifikiri. Akasema yake imetoka kiwandani, na kiwandani kuna watu elfu: mmoja anakata msumari, mwingine anapaka rangi, mwingine anafunga karatasi, jioni wote wanakwenda nyumbani kula. Ubaya wake wameugawana, kila mtu kachukua chembe isiyoshibisha hata sisimizi.

"Lakini hii yako ya kuunga kwa mkono, shemeji," alisema, "huna wa kugawana naye."

Kisha akamshauri aimalize haraka kabla Clémentine hajajua.

Ijumaa kazi ikaisha. Firmin alipaka mkono wa mwisho wa mafuta, na mbao ya mti wa jozi ikang'aa, mistari yake myeusi ikatiririka kutoka kitakoni hadi mbele. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi, kwamba ilikuwa nzuri, na kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kuiona. Meneer Lourens alikaza skrubu zilizobaki kwa mikono yake mwenyewe, ulimi nje, mtutu ukalala mahali pake.

Mchana marafiki zake watatu waliingia, vizee vya kaptula sawa na yeye, na Gouveia akafungua bia. Firmin alisimama pembeni na msasa mkononi, akisubiri mzee aanze kujisifu. Fundi yeyote huumia jina lake likifichwa. Firmin aliomba Mungu lifichwe. Semeni mumeitengeneza nyinyi, alisema moyoni, ichukueni iende, na mimi nisijulikane.

Bahati mbaya Lourens alikuwa mtu mwaminifu.

Aliushika mkono wa Firmin, akauinua juu kama mkono wa bondia aliyeshinda, akawaambia wenzake kwamba yeye alipasua tu, aliyejenga ni huyu hapa. Wale wazee walipiga makofi. Walikipapasa kitako mmoja baada ya mwingine, wakaguna kwa utamu. Mmoja aliiweka bunduki begani, akafumba jicho, akaielekeza kwenye viti vilivyoning'inia ukutani vikingoja gundi ikauke. Nao walikuwa na masanduku yao, wakasema, yamelala gereji, kumbe dawa iko hapa. Gouveia alikuwa akicheka peke yake kwa furaha. Jumatatu viti vyote vitahamia banda la nyuma, alisema, meza hii kubwa iwe ya bunduki.

Halafu Lourens akasema kuna kitu kimoja kimebaki. Alikuwa ameona chini ya viti vya Firmin lile duara lenye nukta, na kwake kazi ya fundi bila alama ya fundi ni wizi. Firmin aligeuka. Chuma cha baba yake kilikuwa tayari juu ya jiko la gesi. Gouveia ndiye aliyekiweka, kimya kimya, kumfurahisha.

Hapo ndipo neno la kukataa lilipotakiwa. Lilikuwa mdomoni, silabi tatu tu, na wazee wote wale walikuwa wakimtabasamia, bia mkononi, wanamtakia mema. Firmin alipanua mdomo, akaufunga. Walidhani ameona haya. Lourens akacheka kwa upole, akaigeuza bunduki, akakichukua chuma yeye mwenyewe na kukikandamiza chini ya kitako. Moshi mdogo ulipanda, harufu ya mbao na mafuta vikiungua pamoja. Alipokitoa lilikuwepo, jeusi, safi: duara, na nukta katikati.

Firmin alitapika palepale, juu ya vumbi la randa.

Gouveia alimletea maji, akasema aende nyumbani alale, hewa ya baridi hii imejaa homa. Firmin alijifuta mdomo. Alisema si mgonjwa. Alisema bunduki hafanyi, wala hii wala zile tatu, Jumatatu wala siku nyingine. Gouveia alicheka, kisha akaona si utani, kicheko kikakauka. Basi Jumatatu sina kazi yako, alisema. Firmin alikichovya chuma ndani ya ndoo, kikapiga kelele, akakitia mfukoni kikiwa bado vuguvugu. Lourens alimfuata hadi mlangoni. Alikuwa amehuzunika kwelikweli.

"Lakini nimekupa jina lako," alisema.

Firmin alitembea kwa miguu hadi Rosettenville, akivuka taa za robot njia panda, nyekundu na za kijani, bila kuziona. Alimkuta Clémentine amekwisha pakua. Uma ulikuwa kando ya sahani yake. Aliweka chuma mezani, karibu na uma, akamweleza yote tangu lile sanduku, hakuruka kitu, hata ile furaha ndogo iliyomwingia mbao ilipong'aa. Alimwambia amekataa. Alimwambia hana kazi tena. Clémentine alisikiliza, mkono mmoja juu ya tumbo. Firmin alipomaliza, mkewe alimuuliza swali moja, la kabla au baada.

"Ulikataa mbele ya kuchoma, ao nyuma?"

Firmin alitazama chuma.

"Nyuma," alisema.

Clémentine aliinuka. Alipiga magoti kwa shida kando ya kitanda kidogo, akakishika mguu na kukigeuza, akaitazama alama. Aliipitishia kidole gumba, akazungusha, akarudia. Kisha akakisimamisha tena vizuri, kwa uangalifu, akaenda nyuma ya kabati na kutoa mkeka. Hakuutandika. Aliulaza juu ya kitanda cha mtoto ukiwa umekunjwa.

"Bado miezi miwili," alisema. "Tutaona."

Alileta beseni na jagi, lile lile analomnawishia Ruphin mlangoni. Firmin alinyoosha mikono. Alimmiminia, akamsugulia sabuni kila kidole, akasuuza, akakiinua kiganja chake cha kulia mpaka puani na kukinusa. Akammiminia tena. Akakinusa tena. Jagi likaisha, naye akatoka kwenda uani kulijaza, na Firmin akabaki ameinyoosha mikono juu ya beseni, inachuruzika, huku ugali unapoa, akisikiliza maji ya bomba yakigonga jagi tupu.