Wageni Ishirini na Mmoja wa Mlinzi

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likachungulia kidogo na kurudi ndani, kama mtu aliyesahau kitu. Nilisali, nikafungua cherehani, nikashona mpaka saa kumi na nusu. Halafu nikafunga duka, nikaenda darasani.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka thelathini vipimo vya wateja wangu nilivitunza kwa kamba: fundo moja kiuno, mafundo mawili mabega. Wateja walidhani naandika mahali. Mwaka jana, nikiwa tayari na wajukuu wanne, nilijiunga na darasa la jioni katika chumba kilicho juu ya maktaba ya jiji. Sasa nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Nilikuwa nimemwomba Mungu kitu hicho tangu ujana wangu.

Jioni hiyo mwalimu aliwasha kompyuta, na ukutani ikatokea tovuti ya jiji.

"Leo hatufungui kitabu," akasema. "Jiji limeweka takwimu zake hadharani. Taka zinazolewa siku gani, bomba gani linatoa maji, zahanati ipi ina foleni fupi. Ni mali yenu hizi. Kila mtu atafute kinachomhusu."

Muuza nyama akatafuta mtaa wake, akagundua kwamba miaka yote amekuwa akitoa taka siku moja baada ya gari kupita.

"Kumbe ndiyo maana mbwa wananipenda!"

Tukacheka. Ilipofika zamu yangu, nikatafuta jengo letu. Lilikuwemo, katika jedwali la matumizi ya vyumba vya umma. Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Maktaba. Chumba cha juu. Darasa la jioni. Wanafunzi: sifuri."

Nikadhani nimekosea. Mwalimu akasogea, akatazama, wala sikuwa nimekosea. Pembeni palikuwa na maneno mengine, nayo nikayasoma: "Pendekezo: chumba kifanywe stoo ya viti. Kamati itaamua Ijumaa."

Nilijisikia vibaya sana. Jambo la kwanza la serikali nililolisoma kwa macho yangu mwenyewe lilikuwa linasema sipo.

"Shuka mstari mmoja," mwalimu akaniambia taratibu.

Nikashuka. "Wageni wa mlinzi, wastani kwa siku: ishirini na mmoja."

Tulijihesabu. Tulikuwa ishirini na mmoja.

Getini kuna daftari la wageni: jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Siku ya kwanza kabisa, mwenzetu mmoja aliona haya kuandika kwamba anakuja kusoma, akaandika "Kumwona mlinzi." Sisi wengine tulikuwa hatujui herufi, kwa hiyo penye sababu tukanakili mstari wa juu yetu, kama tulivyozoea kufanya kila ofisi. Baadaye tulipojua kusoma, tuliona maneno yale yanatufaa. Watu wenye mvi na wajukuu, nani anataka kuonekana akienda shule? Mimi mwenyewe kila asubuhi nilimwomba Mungu aniongoze katika kweli, na kila jioni niliandika uongo kwa mwandiko uliozidi kupendeza.

Mlinzi, aliyekuwa amepanda kufunga madirisha, alisimama mlangoni akiutazama ukuta.

"Mke wangu akiliona jedwali hili," akasema, "mtanitafutia pa kuishi."

Chini ya jedwali kulikuwa na namba ya simu ya kuripoti makosa. Jumanne asubuhi nikapiga. Akapokea binti wa ofisi ya takwimu.

"Mama, nakuamini," akasema, "lakini jedwali halijazwi kwa maneno ya simu. Linajazwa kwa kilichoandikwa daftarini. Kesho nitakuja kuhesabu mwenyewe. Chumba chenye watu kumi na tano hakiguswi."

Usiku huo niliomba nguvu. Sikujua kama nitazihitaji kiasi kile.

Jumatano nilifika getini nikamkuta yule binti ameketi karibu na daftari, kalamu mkononi. Kando yake alisimama mama kiongozi wa kundi letu la sala, amekuja kurudisha kitabu cha maktaba. Huyu kila akiniomba nisome kwenye ibada, mimi humwambia nimesahau miwani nyumbani. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameanza kusitasita, na muuza nyama alikuwa akikagua matairi ya gari lisilo lake. Nikaelewa kwamba chochote nitakachoandika, mstari wa chini utakuwa hivyo hivyo, na wa chini yake pia.

Ee Mungu, nikasema moyoni, ushike mkono huu.

Nikaandika: "Kusoma. Darasa la jioni."

Mlinzi akainama juu ya daftari. "Kusoma!" akapiga kelele. "Nimepona jamani!"

"Kusoma?" akauliza mama kiongozi. "Wewe, fundi? Na ile miwani?"

"Sina miwani, dada. Sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa sijui kusoma."

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikizunguka kwa watu kukutafutia miwani ya kuazima!" Akacheka hadi akashikilia geti. Halafu akachukua kalamu mkononi mwangu, akamgeukia muuza nyama. "Haya, baba, achana na matairi ya watu. Njoo uandike."

Akaandika. Wakaandika wote. Yule binti akahesabu mara mbili.

"Ishirini na mmoja," akasema. "Kesho saa nne asubuhi jedwali litasomeka hivyo, na viti vitafutiwe pengine. Lakini wazazi wangu, hesabu inasahihishwa kila wiki. Mkirudia kumwona mlinzi, nami sitakuwa na la kuwatetea."

Wote wakanitazama mimi. Nikavua viatu, kama nifanyavyo ninaposali, nikasimama wima mbele ya geti.

"Naahidi mbele za Mungu," nikasema kwa sauti, "mbele ya mama kiongozi, mbele ya mlinzi na wenzangu ishirini: kila jioni nitatangulia kwenye daftari hili, na nitaandika nilichokuja kufanya, hata kama hapa atasimama mkwe wangu."