Pampu ya Hajji Amor

Mjukuu wangu Rabeb ndiye mwangalizi wa ukurasa wa pamoja wa watu wa pampu. Wako hapa Gabès, wako Nefta, wako Tozeur, na pamoja wametengeneza programu ya kuendesha pampu za visima kwenye mashamba ya mitende. Kila mmoja ana blogu yake, na akiandika, maandishi yanajipeleka yenyewe kwenye ukurasa ule mmoja. Wana desturi: ukitoa maelekezo, chini unataja yamejaribiwa kwenye pampu ya nani. Wakishaona jina la mwenye pampu, hawaulizi tena.

Mchana ule wa Julai nilikuwa namenya pilipili za kuchoma Rabeb aliponiita.

"Bibi, hebu sikiliza haya ya kaka Hedi."

Akanisomea. Hedi, mmoja wa watu hao wa pampu, aliwashukuru wasomaji wake wapendwa, kisha akaeleza namna ya kuzima swichi inayosimamisha pampu kisima kinapokauka, ili maji yasikatike wakati wa joto. Chini yake: yamejaribiwa kwenye pampu ya Hajji Amor, Nefta.

"Wasomaji wapendwa?" nikasema. "Hedi huyu anayewaita wenzake punda?"

"Ndiyo maana nina wasiwasi. Mwezi mzima hajamtukana mtu."

Hedi namjua. Nilipovunjika nyonga alinibeba mgongoni ngazi zote, akilalamika njia nzima kwamba mimi ni gunia la saruji. Wema wake huja na makelele. Huu ulikuwa mtulivu mno.

Rabeb akampigia Hajji Amor.

"Pampu gani, binti yangu? Niliiuza kabla ya Ramadhani."

"Kwa hiyo kaka Hedi hakuja kujaribu kitu?"

"Hedi? Yule akija mtaa mzima unajua. Hajafika."

Rabeb akayaondoa maandishi yale papo hapo. Lakini chini yake palikuwa na maoni ya asubuhi, ya Salha wa Tozeur: *Asante kaka. Kama imekubali kwa Hajji, kwangu pia itakubali. Nazima leo.*

Salha ni mjane, analima peke yake. Kisima chake hukauka kila kiangazi. Mchana hujilaza ndani ya kibanda cha pampu, kilichoezekwa makuti makavu, ubavuni mwa mota. Mota ikizunguka bila maji inashika moto.

Rabeb akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akawapigia majirani zake; saa ile Tozeur nzima imelala. Akampigia Hedi, anayekaa mtaa wa nyuma, naye akaja na ndala mguuni.

"Mmefiwa au mmeunguza chakula?"

"Nani alijaribu kwa Hajji Amor?" Rabeb akamuuliza.

Akatazama skrini ya kompyuta. Utani ukamwisha usoni.

"Kuna akili bandia inaniandikia," akasema. "Mama amelazwa, Rabeb, sipati muda. Niliilisha maandishi yangu yote ya zamani. Inaandika, inatuma yenyewe."

"Wewe husomi?"

"Mwanzoni nilikuwa nasoma."

"Na jina la Hajji je?"

"Itakuwa imelitoa kwenye maandishi ya zamani. Imeona kila mara lazima pawe na jina." Akaniangalia mimi, si yeye. "Bibi, wallahi sikujua."

Nikamsogezea kiti. Hakukaa. Rabeb alikuwa bado na simu sikioni, na sote watatu tulisikia ikiita mbali kule.

"Naenda Tozeur," Hedi akasema. "Naenda sasa hivi."

"Ni mwendo wa saa tatu na nusu, kaka."

"Basi nikae hapa nifanye nini?"

Alikuwa ameshafika mlangoni ukurasa uliposogea wenyewe. Maandishi mapya yalikuwa yameingia, yenye jina lake na picha yake akicheka. Rabeb akayasoma kwa sauti, polepole.

"Wasomaji wapendwa, nina furaha kuwajulisha kwamba maelekezo yetu yamejaribiwa leo kwenye pampu ya Salha, Tozeur. Inakwenda vizuri sana, bila kusimama."

Hedi alisimama palepale, mikono mitupu, funguo za gari zimemdondoka miguuni. Nikaziokota nikamtilia mkononi, kwa kuwa sikuona kingine cha kumfanyia.

Rabeb akapiga tena. Mara hii simu ya Salha haikuita kabisa.