Salamu za Kanisa Zima kwa Mchungaji Anaclet

Katika kanisa moja dogo la Katuba, mtaa wa Lubumbashi, barua ya mchungaji haifunguliwi nyumbani. Inangoja Jumapili, kwa sababu mchungaji ni wa wote. Hata Laurentine, mkewe, huisikiliza akiwa amekaa benchi ya mbele, mikono mapajani, pamoja na wanakwaya na watoto wanaolia.

Anaclet alikuwa amekwenda kutembelea makanisa ya kando ya Ziwa Tanganyika, vita vikamfungia njia. Simu zikanyamaza. Tangu hapo barua zake zilishuka kwa mashua na malori hadi mji wa Pweto, ambako Constance, muuza samaki wakavu, alizipokea na kuzitia kati ya magunia yake. Zilifika Lubumbashi zikinuka samaki. Laurentine hakulalamika, alikuwa ameshaanza kuipenda harufu hiyo.

Jumapili hiyo Papa Zéphirin, mzee wa kanisa, alivaa miwani, akakohoa kikohozi chake cha heshima, akasoma. Laurentine alifumba macho. Chini ya sauti ile ya kukwaruza alisikia nyingine, ya Anaclet, na maji ya ziwa yakaanza kuingia polepole mlangoni, yakapita chini ya mabenchi, yakamlowesha miguu. Mumewe alikuwa akitembea ndani yake, suruali ameikunja, akiwagusa watu vichwani. Kama kawaida, hakufika benchi ya mbele.

“Mwenzangu Chishimba amefika,” Zéphirin alisoma, “naye anaweza kubaki na wakimbizi walio kanisani. Kuna nafasi yangu katika mashua. Nirudi, au nikae? Niambieni. Nitafuata neno lenu.”

Kanisa likachemka, wote wakitaka akae.

“Aikale kule! Mungu atamuchunga!”

“Bamuambie eshi tuko bien!”

Ndivyo walivyojibu siku zote, kwamba wao wako salama: hakuna njaa, hakuna ugonjwa, hakuna chozi. Ukisoma barua za Katuba ungedhani ni mbinguni, tena bei ya unga imeshuka. Kumtia mtumishi wa Mungu wasiwasi ilikuwa dhambi. Kila mmoja aliongeza salamu yake, na zamu ya Laurentine ilipofika, yeye alikuwa na neno moja tu: salama. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenzake walirudi kwa waume zao baada ya ibada. Yeye alirudi kwenye mto usio na kichwa. Alimtamani mumewe mpaka akaona haya.

“Na weye, Mama Pasteur? Tuandike salama?” Zéphirin aliuliza, kalamu mkononi.

Maji sasa yalimfika shingoni. Alifumbua macho.

“Hapana, Papa Zéphirin. Andika: mi siko salama. Niko nalala na kanzu yako. Rudia ku nyumba.”

Kalamu ikasimama hewani. Mama mmoja wa kwaya alimwita Yesu kwa sauti. Zéphirin akaandika, neno kwa neno, jinsi Laurentine alivyosema.

Waumini walimnunia. Jumapili zilizofuata benchi yake ilikuwa na nafasi tele. Naye alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena, akikaa benchini peke yake huku maji ya ziwa yakipanda na kushuka.

Jibu likaja na gunia la samaki. Zéphirin alilipokea kama ilivyo desturi, akatazama juu ya bahasha. Palikuwa na jina moja tu, la Laurentine. Akashuka madhabahuni, akampa Laurentine bahasha bila kuifungua, jambo ambalo kanisa lile halikuwa limewahi kuona.

Alisoma amesimama.

*Laurentine, muda wote huu mliniandikia kwamba mko salama. Nikawaza, basi hawanihitaji, na aibu ikanizuia kurudi mahali ambapo pengo langu halionekani. Nilikuwa nimeshamwambia Chishimba kwamba nitakaa. Kisha, mwishoni mwa barua yenu, nikafika kwenye neno lako. Napanda mashua kesho.*

“Utusomee hata kidogo, Mama,” Zéphirin aliomba, mzee mzima.

Laurentine aliikunja barua, akaitia kifuani.

“Hii hapana, Papa. Hii mutaisikia mu kinywa yake mwenyewe.”