Feni ya Mzee Tajudini

Mfuko wa mtego ulikuwa mtupu tena. Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha, nikauchungulia kila upande, nisione hata bawa la mbu. Hapa mtaani Buyenzi, ambako kila nyumba ina mgonjwa wa malaria, mtego wangu ulikuwa umelala njaa wiki nzima.

Kesho yake Daktari Zénon, mkuu wa utafiti wetu, angekuja kuona mwenyewe. Alikwisha kunionya kwamba mtego usiponasa kitu tutauhamishia Kinindo, mtaa wa matajiri, na Buyenzi itaachwa. Mimi ndiye niliyeipigania Buyenzi. Nilitaka mbu wa hapa wapimwe, tujue kama dawa ya vyandarua bado inawaua.

"Usisikitike, docteur," alisema mama Saliha, mwenye nyumba nilimotega mtego, akinimiminia chai. "Mashini yako ni nzuri. Tangu uilete, tunalala na baridi kama watu wa Kinindo."

"Baridi gani, mama?"

Mumewe, mzee Tajudini, fundi wa magari, alikohoa.

"Mi sikutaka kukuaibisha," alisema. "Waliokutengenezea walikosea. Feni inavuta upepo, inaupeleka kwenye mfuko. Sasa mutu apepewe na nini? Nikageuza waya za betri, nikailaza ielekee kitandani. Asubuhi narudisha vile uliiacha. Heshima."

"Baba, ile feni ni ya kuvuta mbu. Wakifuata taa, inawanyonya, wanaingia mfukoni."

Alilitamka polepole neno langu la Kifaransa la kukusanya sampuli.

"Hukusema mbu. Ulisema échantillonnage. Mi nikajua ni marque yake, jina la kampuni."

Nikamweleza habari ya Kinindo. Hapo akaweka kikombe chini.

"Waache mbu wetu, waende kupima wa Kinindo? Wale wanajua nini?"

Usiku huo hakugusa waya. Asubuhi mfuko ulikuwa mweusi kwa mbu, na Tajudini akautazama kama mtu aliyeibiwa.

"Hawa wote wanalala kwangu?"

Daktari Zénon alifurahi, kisha akauliza kwa nini siku zilizopita hatukupata kitu.

"Walikuwa wamefunga," alisema Tajudini bila kucheka. "Mbu wa Buyenzi ni watu wa dini."

"Hata usiku?"

"Wana imani kali, docteur."

Nilitamani maneno yaishie hapo. Lakini zile siku za feni zingehesabiwa kuwa siku zisizo na mbu, na utafiti ungetoa picha ya uongo ya mtaa niliotaka kuusaidia. Nikasema yote. Daktari alimtazama Tajudini, akautazama mtego, akavua miwani na kuifuta muda mrefu, mabega yakimtikisika.

"Futa siku zote za feni," aliniambia. "Tunaanza upya, hapa hapa. Na hizo waya zifungwe kwa solotepu."

"Solotepu apana, itabanduka," alisema Tajudini. "Nitazichomelea mwenyewe." Akafikiri. "Ila joto likizidi..."

"Baba."

"Mi nasema tu."